Hodi ya Tatu

Mwanangu Rahma,

Najua utacheka ukiona nimekuita hivyo. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na juzi tu tulikuwa tunagombania chaja. Lakini kwa desturi yetu mdogo wa mama ni mama, na mimi cheo hicho nilikabidhiwa mapema. Siku mama yako alipokuleta kutoka hospitali nilikuwa na miaka mitano. Bibi alinikalisha kwenye kochi, akanizungushia mito kila upande kana kwamba mimi ndiye ninayeweza kuanguka, akakuweka mapajani mwangu. "Mshike mwanao," akasema. Nilikushika mpaka mikono ikafa ganzi, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Sasa hivi umekwenda mtaa wa Saltley kuagana na rafiki zako, na Bibi yuko juu anapanga sanduku lako upya. Mambo ya koti, dawa ya mafua na kusali kwa wakati ameshakuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena. Mimi nimekaa mezani jikoni na daftari langu la shule. Nina jambo moja tu. Wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo, na kila nikianza ninaishia kukuuliza kama unataka chai.

Unakumbuka ulichosema Jumapili, ulipokubali kwenda Glasgow kuishi na mama yako. Ulisema, "Nitakwenda. Lakini simwiti mama. Miaka mitano hakuja hata mara moja." Bibi alikuwa anakunja shuka. Aliniangalia mimi. Ulipotoka akasema, "Hilo si langu kulijibu, Zeyana. Ni lako."

Basi nitalijibu. Ila sijui njia ya kulifikia isipokuwa kupitia ule mchezo wetu wa kuigiza. Wewe unaujua kwa mbele, kwenye taa. Mimi niliuona kwa nyuma.

Shuleni mwalimu wetu wa fasihi alitufundisha tanzia kwa kuchora mstari ubaoni. Unapanda, unapanda, unafika kileleni, unaporomoka. Niliunakili mstari ule vizuri, nikaandika insha, nikapata alama za juu. Lakini moyoni nilidhani kinachowakamata watu roho ni kelele: mtu ana kisu, mtu analia, mvua inanyesha. Kwa hiyo Bi Zuhura alipotuambia kwamba darasa la Kiswahili la Jumamosi litaigiza tanzia aliyoitunga mwenyewe, na akanigawia kazi ya kukaa nyuma ya pazia na maandishi ili nimnong'oneze atakayesahau, nilifurahi mara mbili. Kwanza nitakuwa ndani ya mchezo bila kuonekana. Pili nitasoma kisu kiko wapi.

Hakikuwapo. Nilisoma maandishi kwenye basi la Stratford Road, nikatafuta kisu mpaka mwisho. Kombo aliondoka kwao kwa ugomvi, na Mzee Mbaruku, baba yake, aliapa kwamba hamfungulii mlango mpaka asikie neno moja, "Nisamehe." Onyesho la kwanza mzee anamfichulia mjukuu wake siri: ameshasamehe zamani, anangoja neno tu. Onyesho la pili tuko njiani, na Kombo anamwambia rafiki yake, "Nikisikia 'karibu' tu, nitaanguka miguuni pake niombe radhi. Nisipoisikia, napanda gari la saa kumi, na hamtaniona tena." Halafu onyesho la tatu. Mlango umesimama katikati ya jukwaa, baba upande huu, mtoto upande ule. Kombo anapiga hodi tatu kama adabu inavyotaka: ukiita mara tatu usijibiwe, unarudi zako.

Hapo ndipo nilipopitiliza kituo.

Maana ukitazama, hakuna linalotokea. Mzee anamenya chungwa. Mjukuu anachambua mchele. Mtu anaita nje. Lakini sisi tunaotazama tunajua ya huyu na ya yule, na wao kila mmoja anajua yake tu. Mmoja anangoja neno, mwingine anangoja neno, na kati yao pana ubao usiozidi unene wa kidole. Nilishuka kituo cha mbele, nikarudi kwa miguu huku maandishi nimeyakumbatia. Wakati ule nilijiambia kilichonipitisha kituo ni uzuri wake.

Mazoezi ya kwanza unayakumbuka. Abdi, aliyepewa nafasi ya Kombo, alisimama nyuma ya ule mlango wa mbao, akavuta pumzi moja, akaita, "Hodi hodi hodi!"

"Abdi," Bi Zuhura akasema, "nyumba inaungua?"

"Hapana, Bi."

"Basi mbona unaita kama zimamoto?"

"Bi Zuhura, sisi Eastleigh tulikuwa tunagonga na kuingia tu, bana. Ukingoja kukaribishwa utapata sufuria imeshaoshwa."

"Ndiyo maana hualikwi."

Mjomba Haji, Mzee Mbaruku wetu, alicheka mpaka akakaa chini, na koti lake la udereva wa basi bado mwilini. Bi Zuhura akatuketisha sote sakafuni, tufumbe macho, tusikilize pumzi zetu. Baada ya hodi ya kwanza, alisema, mhesabu pumzi tano. Baada ya ya pili, tisa.

"Na ya tatu?" uliuliza wewe, kwa Kiingereza chako.

"Ya tatu usihesabu," akakujibu. "Ukihesabu utajua kimya kinakwisha lini, na watu wataona kwamba unajua."

"Mimi taabu yangu ni nyingine," Mjomba Haji akasema. "Kazini abiria akibonyeza kengele nasimama nafungua. Kusimama na kutofungua sikufundishwa."

"Ndiyo nakufundisha leo, Haji."

Wewe, mjukuu, ulipewa sinia la mchele na hukupewa neno hata moja. Ulinuna. Bi Zuhura akachuchumaa mbele yako. Hodi ya kwanza, mkono wako usimame. Ya pili, tazama mlango. Ya tatu, mtazame babu yako. "Usizidishe hapo," alisema. "Na mchele uwe mchele wa kweli. Watu hawataisikia sauti yake mpaka ikatike." Sikumwelewa siku ile. Nilidhani anakubembeleza.

Wiki ya tatu Abdi aliipata. Aliacha kupaza sauti. Aliita kwa upole, kama mtu anayejua kuna mtoto amelala ndani. Ya pili akaiteremsha. Ya tatu ilikuwa chini kuliko zote, karibu aitie ndani ya mbao zenyewe. Maandishi yakaniponyoka. Nilitoka, nikaenda chooni, na wewe ukanifuata ukanikuta nimeinamia sinki.

"Una nini?"

"Kichwa," nikasema.

Huo ulikuwa uongo, Rahma, na ilikuwa mara ya pili kukuambia uongo huohuo.

Mara ya kwanza ulikuwa na miaka tisa. Unajua mama yako alivyoondoka: aliolewa na mtu ambaye Bibi hakumtaka, akakuacha kwetu mwezi mmoja mpaka apate nyumba huko Glasgow, na katika mwezi ule yeye na Bibi wakatukanana kwenye simu. Bibi akaapa kwamba Sabra, mama yako, hakanyagi kizingiti chake, na simu zake hazikupokewa tena. Hayo umeyasikia. Hili hukulisikia.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mchana. Wewe ulikuwa chuoni unasoma Kurani. Bibi alikuwa Small Heath kwenye hitima. Mimi nilikuwa peke yangu, nimekaa kwenye ngazi na kitabu, mahali pangu palepale. Nikasikia hatua zimesimama nje. Kengele haikulia. Kile kifuniko cha chuma cha tundu la barua mlangoni kikainuka, na sauti ikaingia kwa chini, usawa wa magoti.

"Hodi."

Mtaa wetu huu hakuna anayepiga hodi. Mtu wa posta anabonyeza kengele, jirani anagonga kioo. Nilimjua kabla neno halijaisha. Niliona vidole vinne vimeshikilia kifuniko, na hina ya zamani imebaki kwenye ncha za kucha.

Nilisimama. Hilo nalo ulijue, kwamba nilisimama, nikateremka.

"Hodi."

Nilikuwa nimefika kwenye zulia la mlangoni. Kile kioo cha mlango wetu chenye mawimbi unakijua, kinatoa rangi bila sura. Niliona weusi upande wa pili, na bila shaka yeye aliona kitu upande wangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Mpaka leo nikitaka naweza kuusikia ubaridi wake kwenye kiganja.

"Hodi," akasema mara ya tatu, karibu isisikike.

Naweza kukuambia kwamba Bibi aliniamrisha nisimfungulie mtu akiwa hayupo. Ni kweli aliniamrisha. Naweza kukuambia nilikuwa na miaka kumi na minne na niliogopa kiapo chake. Hata hilo ni kweli. Lakini mkono ulikuwa tayari kwenye komeo, na uliousimamisha haukuwa woga wa Bibi. Ulikuwa wewe. Nilijua amekuja kukuchukua. Shuleni nilikuwa nakula chakula changu maktaba, peke yangu, nikijifanya nina kazi. Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja ambaye akisikia ufunguo wangu mlangoni hushuka ngazi mbio. Nikawaza, nikifungua, kuanzia leo sina mtu. Sikuwaza kwamba nje palikuwa na mtu ambaye alikuwa hana mtu tayari.

Sijui tulisimama hivyo kwa muda gani. Kifuniko kikarudi, tak. Hatua zikaondoka, wala hazikukimbia.

Uliporudi ulinikuta kwenye ngazi. "Una nini?" "Kichwa." Ukapanda juu ukaniletea soksi zako za njano, ukanivisha kwa sababu miguu yangu ilikuwa ya baridi. Hazikupita kisigino. Nilikaa nazo hivyohivyo mpaka Bibi akarudi, na sikumwambia, na kesho yake sikumwambia, na baada ya hapo kila siku niliyonyamaza ilifanya iliyofuata iwe ngumu zaidi.

Kwa hiyo sasa unaelewa nilichokuwa nimekibeba nyuma ya pazia siku ya onyesho.

Ukumbi wa Small Heath ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Akina mama walikuja na chupa za chai na sambusa zimefungwa kwenye taulo, watoto wanatambaa chini ya viti. Onyesho la kwanza lote watu walikuwa wanamjibu Mjomba Haji. "Mzee, acha ubishi, mtoto ni mtoto!" alisema mama mmoja, na mwingine akamwambia, "Mwache, wa kwako ulimfukuza juzi," na ukumbi ukacheka. Mimi nilikuwa kushoto, hatua moja kutoka kwa Abdi. Kwenye ufa wa pazia nilikuona wewe na sinia lako, na nyuma yako, safu ya pili, mtandio wa kijani wa Bibi.

Onyesho la tatu likaanza na kelele ileile. Ulikuwa unachambua. Shaa, shaa, punje zinagonga sinia, na hakuna aliyekuwa anakusikiliza.

"Hodi," akasema Abdi.

Mkono wako ukasimama. Hapo ndipo nilipomwelewa Bi Zuhura. Ukumbi mzima uliisikia sauti ya mchele kwa kuwa imekatika. Vichwa vikainuka. Kisu cha Mjomba Haji kikabaki ndani ya ganda la chungwa. Nikahesabu pumzi tano, na katika zile tano minong'ono ikazimika safu baada ya safu, ya mbele mpaka ya nyuma.

"Hodi."

Ukautazama mlango. Mjomba Haji akasimama. Ganda la chungwa lilikuwa linaning'inia mkononi mwake kama utepe, akalisahau. Alitembea. Unajua jukwaa lile si zaidi ya hatua sita. Sijapata kuona mtu akisafiri mbali vile. Mama aliyemwambia aache ubishi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Watoto chini ya viti walinyamaza, na hakuna aliyewaambia. Pumzi ya sita, ya saba. Mkono wake ukafika kwenye komeo.

"Hodi."

Ukamgeukia babu yako. Rahma, sijui ulijifunza wapi kutazama vile. Hukulia, hukukunja uso. Ulimtazama kama mtu anayesoma, taratibu, mstari kwa mstari, na mimi nyuma ya pazia nikajua kwamba siku moja utanitazama mimi hivyo, na kwamba nitastahili.

Sikuhesabu. Hakuna aliyehesabu. Nilikuwa nimesoma kwamba watu katika tanzia wanaogopa baya linalokuja, lakini sivyo nilivyoona kwenye nyuso zile. Walikuwa wanataka. Mamia ya macho yalikuwa yanavuta komeo moja. Jema lilikuwa bado linawezekana, lipo pale, chini ya kiganja cha mzee, na jinsi lilivyozidi kukaribia ndivyo ilivyozidi kuuma. Nilisikia taa za jukwaani zikivuma. Nilisikia moyo wa Abdi, au wangu.

Halafu mtu akasema, "Karibu."

Haikuwa sauti ya jukwaani. Ilikuwa sauti ya mtu aliye jikoni, mikono ina unga, anajibu bila kufikiri, kama wanawake wa kwetu walivyojibu mlango maisha yao yote. Ilitoka safu ya pili. Ilikuwa Bibi.

Hakuna aliyecheka. Nilingoja wacheke, kwa sababu kicheko kingetuokoa sote. Nilimwona Bibi amejishika koo, kama mtu aliyetokwa na kitu asichokijua kilikuwamo. Na Mjomba Haji, dereva wa basi ambaye hakufundishwa kutofungua, nilimwona mgongo wake ukishtuka. Alisikia. Ukumbi wote uliona kwamba amesikia. Sasa hakuweza tena kusingizia kimya. Neno limeshasemwa, limesemwa badala yake, na alichobakiwa nacho ni kufungua. Mkono wake ukateremka kutoka kwenye komeo. Pole, pole, mpaka ukaning'inia pamoja na ganda la chungwa. Mchezo haukuandikwa hivyo. Ulikuwa umekuwa mbaya zaidi na mzuri zaidi kuliko ulivyoandikwa.

Abdi akanigeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nimekaribishwa," akaninong'oneza. "Niingie?"

Alikuwa anauliza kweli. Kwake desturi ilikuwa imetimia: ameita, amejibiwa. Na aliyeshika maandishi nilikuwa mimi. Nikayatazama. Yaliandikwa, Kombo anaondoka. Nikatikisa kichwa.

Akaondoka. Nilisikia hatua zake kwenye mbao, hazikukimbia, nikakaa sakafuni. Mara mbili maishani mwangu mtu amesimama mlangoni akaita mara tatu, na mara zote mbili aliyekataa ni mimi. Onyesho la mwisho, habari za gari la saa kumi ambalo halikufika, sikuliona. Nasikia watu walilia. Nasikia Mjomba Haji hakuweza kutoka jukwaani mpaka ulipomshika mkono.

Asubuhi yake Bibi alikuwa anakanda unga wa chapati. Wewe ulikuwa bado umelala.

"Mama," nikamwita. Kwako ni Bibi, kwangu ni mama.

"Niliwaharibia mchezo wenu jana," akasema bila kugeuka. "Nilijisahau."

"Hukuharibu. Mama, dada Sabra aliwahi kuja hapa."

Mikono ikasimama ndani ya unga. Nikamwambia yote, zulia, vidole, kifuniko. Nilingoja anipigie kelele. Badala yake akauliza, "Alikuwa na koti?"

"Sijui, mama. Niliona vidole tu."

"Novemba," akasema. Akakanda kidogo, akaacha. "Novemba." Akaenda kuosha mikono, akayaacha maji yamwagike muda mrefu. "Kutofungua nilikufundisha mimi," akaniambia. "Usijitwike mzigo wote peke yako."

Namba ya mama yako ilikuwa kwenye kikaratasi ndani ya msahafu wake. Miaka yote mitano ilikuwamo. Alipiga, nikasikia ikiita, nikasikia ikipokewa. Nilidhani Bibi ataomba radhi, au atadai aombwe. Akasema, "Sabra, umekula?"

Kilichofuata sitakiandika, ni chao.

Kisha nikapewa simu. Nikamuuliza mama yako, "Siku ile uliyokuja, kwenye kioo ulimwona nani?"

"Nilimwona mama," akasema. "Amesimama, mkono mlangoni. Nikajiambia, amenisikia mara tatu, amekataa. Basi. Nikarudi zangu."

"Hakuwa mama. Nilikuwa mimi."

Kimya. Sikuhesabu.

"Zeyana?" akasema. "Ulikuwa umeshakuwa mrefu hivyo?"

Hilo ndilo jambo lililomshangaza, mwanangu. Aliniacha msichana wa miaka kumi na miwili, mfupi, na akilini mwake nilikuwa bado vile. Hakunigombeza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: alikuja. Alikuja kwa basi kutoka Glasgow, akapiga hodi kupitia tundu la barua, akarudi mikono mitupu kwa sababu alisoma kivuli changu akadhani ni hukumu ya mama yake. Hakurudi tena si kwa kukusahau. Hajakuambia, na nilipomuuliza kwa nini, alisema hataki uondoke hapa ukinichukia. Wiki nzima ameibeba lawama yangu kwenye simu, umemjibu kwa mkato, naye amenyamaza.

Sitakuambia ufungue kila mlango utakaogongwa. Sijui vya kutosha kukuambia hivyo. Ninachojua ni kwamba siku ile nilidhani sifanyi kitu. Nilisimama tu. Nilidhani kunyamaza ni kubaki mahali pamoja, kumbe nilikuwa naandika maisha ya watu watatu, na kalamu yenyewe sikujua nimeishika.

Ukinikasirikia, nikasirikie. Usinisamehe haraka kwa sababu unajua mimi ni mtu wa haya na nitalia. Naomba tu hasira isiende Glasgow. Iache hapa Sparkhill, kwa mwenyewe.

Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ninajua kujificha. Utaisoma polepole, najua. Neno likikushinda leo, liruke. Kesho kwenye treni muulize mama yako, muisome tena wote wawili.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Kesho saa nne atafika. Nimemwambia kengele yetu imeharibika. Haijaharibika, unajua, nataka apige hodi. Bibi atakuwa jikoni, na mimi nitakuwa naye, na tumekubaliana kwamba hatutatoka, hata moyo ukitupasuka. Mlango huo ni wako. Komeo limelegea siku hizi, linataka kusukumwa kidogo juu kabla ya kulivuta.

Ukiisikia ya kwanza, mwanangu, usihesabu.

Mama yako mdogo,
Zeyana